Masaa 38 ya Cromwell masikioni, nikisubiri sizoni ya pili ya Wolf Hall

Nianze na jibu kabisa, mwenye haraka achukue aende. Vitabu vitatu vya riwaya vya Hilary Mantel kuhusu Thomas Cromwell, mshauri mkuu wa Mfalme Henry wa 8, vile vya kusikiliza vilivyosomwa na muigizaji Ben Miles, ndio kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutia masikioni tangu nihamie Uingereza, na kama unataka kuangalia sizoni ya pili ya Wolf Hall, tamthilia iliyotokana na vitabu hivyo, inayoanza BBC One Jumapili ya tarehe 10 Novemba 2024 (naandika kabla haijaanza), basi usiiendee mikono mitupu, sikiliza angalau kitabu cha tatu kwanza. Kina kama masaa 38 hicho kimoja. Najua ni mengi. Mi nimekisikiliza mara mbili na sasa hivi niko katikati ya mara ya tatu, naenda nacho taratibu nisikimalize kabla ya siku yenyewe.

Nafanya kazi ya kea hapa Reading, shifti za usiku nyingi, na kutoka ninapokaa mpaka kazini natembea kama dakika arobaini hivi, njia ya mkato inapita kwenye magofu ya abasia ya zamani karibu na mto. Hizo arobaini za kwenda na arobaini za kurudi ndio muda wangu mimi peke yangu, hakuna kengele ya mzee, hakuna simu ya nyumbani, ni mimi na hedfoni. Kwa mwendo huo kitabu cha kwanza kilinichukua mwezi na kitu, cha tatu wiki saba.

Aliyeniingiza humu ni bibi mmoja ninayemhudumia, Mkatoliki, Muairishi, mwili umechoka lakini kichwa kizima kabisa. Alikuwa na DVD ya sizoni ya kwanza, ile ya 2015, usiku mmoja usingizi umemkataa akaniomba nimuwekee. Kiukweli sikuelewa kitu. Giza, mishumaa, wanaume wa kofia nyeusi wanaongea chini chini na kila mmoja anaitwa Thomas. Kuna Thomas Cromwell, Thomas More, Thomas Wolsey, Thomas Cranmer, Thomas Boleyn baba yake Anne aliyekuja kuwa malkia, Thomas Howard ambaye ndio Duke wa Norfolk mjomba wake Anne, Thomas Wyatt mshairi, alafu Thomas Wriothesley. Lakini pale katikati yupo jamaa mmoja, Mark Rylance ndio anamcheza Cromwell, hasemi sana, anaangalia tu, na kila anapoangalia unahisi kuna hesabu inapigwa mle ndani na wewe huambiwi jibu. Nikamuuliza bibi, huyu anawaza nini? Akanijibu hilo lipo kwenye vitabu, hapa utaona uso tu.

Basi nikaenda kuvitafuta vitabu.

Kwa asiyejua hadithi nimpe kwa ufupi. Cromwell ni mtoto wa mhunzi wa Putney, nje kidogo ya London enzi hizo, baba yake Walter ni mlevi na mpigaji, na kitabu cha kwanza kinafungua huyo mtoto yuko chini kwenye mawe ya ua anapigwa mateke na babaye mpaka anadhani anakufa. Anatoroka anavuka bahari, anakuwa askari, anafika Italia, anafanya biashara ya nguo Antwerp, anarudi mwanasheria mwenye lugha kadhaa kichwani, anaingia kumtumikia Kardinali Wolsey aliyekuwa mtu mkubwa kuliko wote baada ya mfalme. Wolsey akaanguka 1529 kwa sababu hakuweza kumpatia Henry wa 8 ruhusa ya Papa ya kumuacha mke wake Katherine, akafa mwaka uliofuata. Wote walidhani Cromwell atazama na bosi wake. Hakuzama, akapanda, na yeye ndio akamfanyia Henry alichoshindwa Kardinali, wakaikata Uingereza kutoka Roma, mfalme akawa mkuu wa kanisa, Anne Boleyn akawa malkia, Thomas More aliyekataa kuapa akakatwa kichwa 1535. Miezi kumi baadae, Mei 1536, Anne mwenyewe akakatwa, na aliyepanga kesi ni huyo huyo Cromwell. Vitabu viwili vya kwanza vinaishia hapo. Kimoja kilitoka 2009 kingine 2012, na vyote viwili vilishinda tuzo ya Booker. Cha tatu, The Mirror and the Light, ilibidi watu wasubiri mpaka Machi 2020, kinaanza dakika ile ile kichwa cha Anne kimeanguka na kinakwenda hadi Julai 1540 zamu ya Cromwell ilipofika.

Sasa ngoja niseme kwanini hii hadithi imenishika hivi, maana mtu wa Muheza na wafalme wa Uingereza wapi na wapi. Mi ni Muanglikana wa kuzaliwa. Kwetu kanisa lilianza Magila, wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, nimebatizwa huko, nimepata kipaimara huko, nimekariri katekisimu, nimeimba kwaya, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunieleza hili kanisa letu lilikatwaje kutoka kwa lile la bibi yangu wa chumba cha mwisho. Nilijua tu kuna Roma na kuna sisi. Nakumbuka nilikuwa natembea kwenye mvua nasikiliza sehemu ile Bunge linapitisha sheria 1534 kwamba mfalme ndio mkuu wa kanisa, nikasimama pale pale njiani. Yaani kumbe ni hapa. Kumbe kuna mtu alikaa na kalamu akaandika hicho kifungu, akahesabu kura, akajua nani atakataa. Na huyo mtu ndio pia aliyeagiza mwaka 1538 kila parokia iweke Biblia kubwa ya Kiingereza ambapo watu wataisoma, wakati miaka miwili tu nyuma William Tyndale alinyongwa na kuchomwa kwa kazi hiyo hiyo ya kutafsiri. Mi nimekua na Biblia ya Kiswahili mezani, Askofu Steere wa UMCA alikaa Zanzibar akatafsiri Agano Jipya, sikuwahi kufikiria kwamba kusoma kwa lugha ya nyumbani ni kitu watu walikufa kwa ajili yake.

Haya, tuje kwenye vitabu vyenyewe kama bidhaa.

Nilianza na karatasi na nikashindwa. Nilinunua kile cha kwanza cha mkono wa pili, kurasa mia sita na zaidi, nikafika ukurasa wa arobaini nikakiweka. Shida ni kwamba Mantel anaandika "yeye" na huyo yeye ni Cromwell, siku zote, hata kama mtu wa mwisho kutajwa ni mwingine kabisa. Anaingia Norfolk, anafoka, alafu "yeye anasema", unadhani ni Norfolk, kumbe ni Cromwell anamjibu. Kwa Kiingereza angalau mwanaume na mwanamke wanatofautiana, sisi kwetu "alisema" ni alisema tu, awe malkia awe mpishi. Nilijaribu kumsimulia mama kwa simu, mama yangu anapenda hadithi sana, kila sentensi ya pili ananikatiza, "mwanangu, nani tena huyo kasema?" nikamwambia Cromwell, mama, kila nikisema "alisema" bila jina basi ni Cromwell. Akanyamaza kidogo akasema, "ahaa, kwa hiyo tumekaa ndani ya kichwa chake tunachungulia nje." Mama hajasoma ukurasa hata mmoja na alikielewa kitabu kabla yangu.

Ndio hapo sauti inapookoa. Ben Miles hasomi kama anasoma, kila mtu ana mdomo wake, Norfolk anabweka, Henry anaweza kuwa mpole kama mtoto na ndani ya sentensi hiyo hiyo ukasikia baridi imeingia, na Cromwell ndio sauti ya katikati inayobaki pale pale, kwa hiyo "yeye" hapotei tena. Unajua nani anaongea kabla hata hajatajwa. Na sio bahati, huyu jamaa alimcheza Cromwell jukwaani na kampuni ya Royal Shakespeare, Stratford na London mpaka New York, na kitabu cha tatu kilipogeuzwa mchezo wa jukwaani mwaka 2021 aliandika pamoja na Mantel mwenyewe. Ameishi na huyu mtu. Kuna sehemu katika kitabu cha kwanza, homa ya jasho inapita London, asubuhi Cromwell anaondoka mke mzima jioni anarudi mke amekufa, baadae wasichana wake wawili Anne na Grace nao wanaondoka, na Grace alikuwa na mabawa ya malaika ya manyoya ya tausi aliyotengenezewa kwa igizo la Krismasi. Miles haongezi machozi hapo, anasoma taratibu tu kama mtu anayejitahidi sauti isikatike. Nilikuwa nimefika mlangoni kazini nikakaa nje kwenye baridi mpaka ikaisha, nikachelewa kusaini dakika sita.

Vibaya vipo na nitavisema. Kwanza vitabu vya karatasi vina orodha ya watu mwanzoni na miti ya ukoo wa Tudor, inasaidia sana, kwenye sauti ukishavuka mwanzo huwezi kurudi kufunua haraka ukiwa unatembea. Ushauri wangu, azima kile cha karatasi maktaba, piga picha hizo kurasa za mwanzo kwa simu, mrudishie mwenye nacho. Pili, cha tatu ni kirefu na pale katikati kuna kusua sua, mabalozi wanaingia na kutoka, barua za ukoo wa Pole waliokuwa wapinzani wa Henry, nani kaandikia nani Ufaransa, nilipotea mara mbili nikarudia. Tatu ni kuhusu apu niliyotumia, siitaji jina, ilikuwa na tabia ya kusahau nilipoishia, mara nne nimejikuta Wolsey yuko hai wakati nimeshamzika. Na ukiazima kwa kadi ya maktaba unapewa wiki tatu, masaa 38 kwa wiki tatu kwa mtu wa shifti haiwezekani, nikapanga foleni upya, nikasubiri zaidi ya mwezi nikiwa nimeachwa kwenye ikulu ya Hampton Court, Jane Seymour, mke wa tatu wa Henry, amejifungua mtoto wa kiume, kengele zinapigwa, na mimi najua kutoka historia kwamba ana siku kumi na mbili tu za kuishi. Safari ya pili nikainunua yangu.

Basi sasa tamthilia. Ile ya kwanza ilikuwa episodi sita kwa vitabu viwili, hii mpya ni sita kwa kitabu kimoja, japo hicho kimoja kina kurasa zaidi ya mia nane. Hesabu hiyo inanipa moyo. Na waliotengeneza ni wale wale, Peter Kosminsky anaongoza, Peter Straughan ameandika, Rylance ni Cromwell, Damian Lewis ni Henry, Jonathan Pryce anarudi kama Wolsey ingawa Wolsey alishakufa, maana kwenye kitabu cha tatu Kardinali anakuja kukaa na Cromwell usiku na kuongea nae kama zamani. Nilivyosikia Pryce yumo nikapumua. Wangemtoa mzuka wa Kardinali kitabu chote kingeanguka.

Kinachonipa wasiwasi ni hii miaka tisa. Mwisho wa sizoni ya kwanza Anne ameshauawa kwa upanga, alitolewa mtu maalum kutoka ng'ambo kwa kazi hiyo kwa sababu shoka la kawaida lilionekana halimfai malkia, alafu Cromwell anarudi ikulu, Henry anamfungulia mikono yote miwili anamkumbatia kwa furaha, na uso wa Rylance juu ya bega la mfalme sitausahau, ni uso wa mtu aliyeona kaburi lake. Sizoni ya pili inaendelea pale pale, siku ile ile, lakini waigizaji wameongeza miaka tisa. Rylance sasa ana miaka sitini na ushee. Mwanzo niliona ni kasoro, nikageuza mawazo nilivyorudia kitabu, kwa sababu Cromwell wa kitabu cha tatu ni mtu aliyechoka, anaanza kusahau, anaumwa homa zake za Italia zinarudi, hesabu zake zilizokuwa hazikosei zinakosea, na pengine hiyo miaka tisa usoni itafanya kazi ambayo mekapu isingeweza.

Wengine wamebadilishwa kabisa. Gregory mtoto wa Cromwell mara ya kwanza alichezwa na Tom Holland, ndio huyo huyo wa Spider-Man, bado kijana mdogo hajulikani, sasa ni Charlie Rowe. Anne wa Claire Foy ameshauawa, alikuwa na shingo ndefu na jicho la kuhesabu watu chumbani, nitamkosa. Anayeniuma ni Bernard Hill aliyekuwa Norfolk, amefariki Mei 2024, nafasi yake kapewa Timothy Spall. Norfolk wa Hill alikuwa anaingia chumbani kama mtu anayefukuza mbuzi shambani kwake. Spall ni fundi, simtilii shaka, ila nitahitaji episodi nzima kumzoea.

Na Mantel mwenyewe hayupo. Alifariki Septemba 2022. Aliishi na Cromwell kichwani miaka mingi, akamaliza, akaona kitabu kimetoka, hataona hii.

Kama ningepewa dakika tano na wale waandishi ningeomba vitu vitatu visikatwe. Cha kwanza ni safari ya Shaftesbury. Cromwell anaenda kwenye nyumba ya masista kumtembelea Dorothea, binti wa Wolsey, ndio Kardinali alikuwa na binti, anamletea zawadi, anataka kumsaidia, na yule binti anamwambia usoni kwamba yeye ndio alimsaliti baba yake. Cromwell ambaye maisha yake yote ya juu ameyajenga juu ya imani kwamba alikuwa muaminifu kwa Wolsey mpaka mwisho. Anatoka pale hana jibu, na tangu siku hiyo mzuka hauji kwake kama zamani. Mi niliisikiliza nikiwa ndio nimetoka kuongea na mdogo wangu kuhusu baba na nani alikuwepo hospitali na nani hakuwepo, sitasema zaidi, ila nilijua kabisa Cromwell anasikia nini kwenye ile njia ya kurudi.

Cha pili ni Rochester, mwaka mpya 1540. Henry mnene, mguu una kidonda kinanuka, anajivika kama mtu wa kawaida aende kumshtukiza mchumba wake mpya Anne wa Cleves kama kwenye hadithi za mapenzi, amemuona kwenye picha ya mchoraji Holbein tu, na yule msichana ametoka Ujerumani hajui lugha hajui huyu mzee ni nani, anageuka, na kwa nusu sekunde uso wake unasema kile ambacho hakuna mtu amewahi kumwambia mfalme. Hapo ndipo Cromwell alipokufa, Julai ilikuja kukamilisha tu. Kwenye kitabu ni kurasa chache sana. Kwenye televisheni ni jicho la mwanamke mmoja, na jicho la Lewis, wakiipata hiyo nusu sekunde wamepata kila kitu.

Cha tatu ni mawe ya ua wa Putney. Nisiseme zaidi kwa wanaotaka kuona wenyewe, ila kichwa cha Cromwell kinarudi pale mpaka siku ya mwisho kabisa, na bila hayo mawe mwisho utakuwa ni mtu anauawa tu, wameuawa wengi humo.

Vingine vyote wakate wanavyotaka.

Kuna jambo moja lakini ambalo mi na kitabu hatujapatana, na ndilo ninalolisubiri kwenye tamthilia kuliko yote. Nimesema njia yangu inapita kwenye magofu. Hayo magofu ni abasia ya Reading, ilijengwa na Henry wa kwanza 1121 na mwenyewe amezikwa humo, ilikuwa moja ya kubwa kabisa nchi hii, leo zimebaki kuta za jiwe gumegume zimesimama wazi kama meno, mawe mazuri ya nje yalibanduliwa yote. Abate wa mwisho aliitwa Hugh Faringdon. Alinyongwa na kukatwa vipande hapa hapa Reading, nyumbani kwake, tarehe 14 Novemba 1539, pamoja na mapadri wawili. Na katika karatasi za Cromwell, zile alizokuwa anajiandikia mambo ya kukumbuka, imo mistari inasema abate wa Reading apelekwe Reading ahukumiwe na auawe. Ahukumiwe na auawe, zote mbili kwenye pumzi moja, kesi haijasikilizwa. Kitabu kinapita haraka hapo. Lazima kipite, kwa sababu tumekaa ndani ya kichwa cha Cromwell na kichwa chake hakikai kwenye kitu kama hicho, anaandika, anakunja, anaenda kula. Mantel ameandika kwa haki ya namna yake. Lakini mi natembea pale kila usiku, sauti tamu ya Ben Miles inaniambia jinsi Cromwell anavyowapenda mbwa wake na wapishi wake na watoto wa watu anaowalea nyumbani kwake Austin Friars, na kushoto kwangu kuna ukuta.

Bibi ndio aliniambia habari za abate. Kwake Faringdon ni Mwenyeheri, Papa alimtangaza 1895, na kila Novemba ananiomba nikipita pale nisimame kidogo kwa niaba yake maana miguu haimruhusu tena. Nasimama. Mimi Muanglikana nasimama. Kuhusu Cromwell hatukubaliani hata siku moja, nikimwambia alileta Biblia kwa watu wa kawaida ananiambia na meza za fedha za madhabahu alizileta kwa nani, nikimwambia alitoka kwenye umaskini kama sisi ananiambia na waliokuwa wanalishwa na wale watawa mlangoni walitoka wapi. Jumba la makumbusho la Frick kule New York lina picha mbili za Holbein, Thomas More upande mmoja wa sehemu ya moto na Cromwell upande wa pili, wanaelekeana, na bibi anasema sisi wawili usiku wa manane na chai yetu ndio hivyo hivyo.

Televisheni haina kichwa cha kukaa ndani yake. Kamera iko nje, inaona uso wake na inaweza kuona pia alichokigusa. Hicho ndicho ninachokitaka, Rylance abaki na ile kimya yake inayonifanya nimpende, alafu kamera igeuke dakika moja tu ioneshe mkono wake unaandika jina la mtu kwenye karatasi na kuikunja. Wakifanya hivyo nitasema wamekiheshimu kitabu na wamekizidi pia.

Kwa vitabu vya sauti natoa nyota tano kati ya tano kwa cha kwanza na cha pili, cha tatu nne na nusu kwa sababu ya wale mabalozi. Usianze na cha tatu kama hujawahi kuona sizoni ya kwanza, utapotea, ila kama uliiona 2015 na unaikumbuka hata nusu unaweza kuruka moja kwa moja. Sikiliza kwa kasi ya kawaida, nimeona watu wanaongeza kasi, msifanye hivyo jamani, yale matuo ya Miles ni sehemu ya maneno. Na usisikilize ukiwa umelala kitandani, utaamka umeshakuwa kwenye harusi ya mwaka mwingine.

Tamthilia ni Jumapili sita, saa tatu usiku. Nimeshaongea na meneja kuhusu rota, nimemweleza wazi kwamba kuna mzee mmoja ambaye hizo Jumapili nataka niwe nae mimi. Amenipa nne. Mbili zilizobaki nitaenda na nguo zangu za nyumbani, nitasaini kitabu cha wageni. Bibi ameshaniambia kiti changu ni kile cha dirishani na kwamba anaangalia mpaka episodi ya sita kwa sababu moja tu, na Alhamisi ya katikati, tarehe 14, nisisahau kusimama pale ukutani.